Maswali Yenu: Mabati yamezunguka bustani ya mtaa, tuanzie wapi?

Mwezi huu barua nyingi zimekuja juu ya kitu kimoja, viwanja na bustani za mitaa zinazofungwa, zingine kwa mabati zingine kwa kufuli tu, kwa hivyo nimeamua ukurasa wote uende huko. Zile za mapenzi na mikopo zitangojea mwezi ujao, mtanisamehe.

Habari dada, mimi ni mama wa watoto wanne naishi Eastlands hapa Nairobi. Tuna kauwanja kamoja tu mtaani, kana miti ya zamani na bembea mbili zilizobaki, watoto wanacheza hapo, chama chetu tunakaa hapo Jumapili, wazee wanacheza drafti. Mwezi uliopita tumeamka tukapata mabati yamezungushwa usiku na karatasi imebandikwa getini IMEFUNGWA KWA UKARABATI, haina tarehe haina jina la mtu. Askari wa geti anasema uliza ofisi, ofisi inasema uliza ofisi ingine. Watu wanasema ni maduka yanajengwa. Majirani wanaogopa kuongea, wanasema hii ni ya wakubwa. Tuanzie wapi kabla hawajakata miti? (Mama Wanne, Nairobi)

Pole sana mama, na asante kwa kuandika sasa wakati miti bado imesimama, manake barua nyingi napata wakati msingi umeshachimbwa na kokoto iko chini.

Kwanza nikutoe wasiwasi kidogo, si kila mabati ni wizi. Forodhani pale Zanzibar ilifungwa ikatengenezwa kweli, ikafunguliwa 2009 na wauza mishikaki na maji ya miwa wakarudi kazini. Lakini pia mnakumbuka Uhuru Park ya Nairobi, ilifungwa 2021 watu wakaambiwa ni ukarabati wa muda, ikakaa imefungwa mpaka uchaguzi wa 2022 ukapita na watu bado wako nje ya fensi. Kwa hivyo neno ukarabati peke yake halikwambii chochote. Kinachokwambia ni karatasi. Kazi halali huwa na ubao mkubwa unaosema nani mwenye kazi, kontrakta ni nani, vibali namba ngapi, na inaanza lini inaisha lini. Karatasi isiyo na jina ni sababu tosha ya kuuliza.

Sasa kuuliza kwenyewe, msiende tena kuuliza kwa mdomo pale kaunta, mtazungushwa mpaka mchoke. Andikeni barua. Kuna sheria ya 2016 ya kupata habari, Mkenya yeyote anaweza kuomba habari iliyo mikononi mwa serikali na hahitaji kueleza anaitakia nini, na barua inaweza kuwa ya Kiswahili, sheria yenyewe imesema Kiingereza au Kiswahili, asije mtu akawaambia rudini muandike kizungu. Asiyejua kuandika, afisa anatakiwa amwandikie. Wana siku 21 za kujibu. Wakinyamaza au wakikataa mnapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu wanaita Ombudsman, na msikae sana, peleka kabla siku 30 hazijaisha.

Kwenye barua msiandike "tunataka kujua kinachoendelea", hiyo watajibu kwa sentensi moja tamu na mtabaki palepale. Ombeni vitu vyenye jina: ramani ya mtaa inayoonyesha huo uwanja ulitengwa kwa kazi gani, uamuzi wa kuufunga na aliyeusaini, mkataba wa kontrakta, leseni ya NEMA, ile mamlaka ya mazingira, kama kuna ujenzi, na kama kuna mtu ameomba kubadilisha matumizi ya ardhi basi hilo ombi lenyewe. Pelekeni nakala mbili, moja wabaki nayo, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, na hiyo ndo mali yenu, pigeni picha mtume kwa grupu ya mtaa ili isipotee kwa droo ya mtu mmoja. Na mkiwa mnangoja pigeni picha za miti na bembea kutoka nje ya mabati, kila wiki, kutoka pale pale. Siku mtu akisema hapo palikuwa jangwa tu mtakuwa na cha kuonyesha.

Kuhusu "hii ni ya wakubwa". Mama, nataka majirani zako wajue hii story vizuri, wengi wanaijua nusu. 1989 Uhuru Park yenyewe ilikuwa iende. Chama tawala wakati huo ni KANU, hakukuwa na kingine, na gazeti lake la Kenya Times ambalo lilikuwa na ubia na tajiri wa Uingereza Robert Maxwell lilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 katikati ya bustani, na sanamu kubwa ya rais Moi mbele yake, na pesa ilikuwa kama dola milioni 200, nyingi za kukopa. Huwezi kupata wakubwa zaidi ya hao. Wangari Maathai alianza na nini? Barua. Aliwaandikia wenye gazeti, akaandikia ofisi ya rais, jiji, mkuu wa mkoa, waziri, mashirika ya Umoja wa Mataifa, mpaka balozi wa Uingereza, akiwauliza kama wao wangekubali jumba kama hilo katikati ya Hyde Park ya London. Bungeni walimtukana Novemba ile, ofisi ya Green Belt Movement, shirika lake la kupanda miti, ikafurushwa, na Disemba rais akamsema hadharani kwamba mwanamke mwema wa Kiafrika huheshimu wanaume na hunyamaza. Hakunyamaza.

Alienda kortini pia, na hapa ndo nataka msome polepole. Kesi ilitupwa. Jaji alisema yeye kama yeye hajaumia chochote zaidi ya watu wengine kwa hivyo hana haki ya kusimama hapo, mwenye haki ya kusema kwa niaba ya umma ni mwanasheria mkuu wa serikali. Yaani serikali ndo ijishtaki. Alishindwa kortini, akashinda nje, manake ile kelele iliwafikia waliokuwa watoe pesa, wakajiondoa, mradi ukafa, na Februari 1992 fensi ikang'olewa na kina mama wakaenda kucheza ngoma hapo.

Sasa fungua Katiba yetu ya 2010 kifungu cha 42, kila mtu ana haki ya mazingira safi na yenye afya, alafu nenda kifungu cha 70, kinasema anayeenda kortini kutetea haki hiyo HAHITAJI kuonyesha kwamba kuna mtu amepata hasara au ameumia. Lile lile alilofungiwa nalo mlango 1989 limeandikwa kwenye Katiba kwamba halitatumika tena. Majirani wako wanaogopa wakiwa na silaha ambayo Wangari hakuwa nayo, na yeye aliingia hivyo hivyo mikono mitupu. Waambie hilo kwa upole, lakini waambie.

Dada salaam, niko Mombasa. Kwetu mambo yameshaharibika, uwanja wa wazi karibu na bahari umejengwa ukuta na mwenyewe ametuonyesha hati miliki ina muhuri kabisa. Mzee wa mtaa amesema hati ni hati, tuachane nayo. Ni kweli? (Abdalla, Mombasa)

Abdalla kaka yangu, si kweli, na jibu limetoka hapo hapo kwenu. Ulizia kesi ya Dina Management na kaunti ya Mombasa. Kiwanja kiko Nyali, ufukweni. Miaka ya mwanzo mipango ilikionyesha kama eneo la wazi la umma, alafu 1989 kikagawiwa mtu binafsi, ambaye ni rais mwenyewe wa wakati huo, kikauzwa, kikauzwa tena, mpaka kikafika kwa kampuni iliyokuwa na hati safi kabisa mkononi. 2017 kaunti ikavunja ukuta ili watu wapite kwenda baharini. Kampuni ikashtaki, ikashindwa, ikakata rufaa, ikashindwa, ikaenda mpaka Mahakama ya Juu, na tarehe 21 Aprili 2023 ikashindwa tena kwa mara ya mwisho.

Majaji walichosema kwa lugha yetu ya nyumbani ni kwamba hati ni mwisho wa safari, na kama safari ilianza vibaya hati haiwezi kuitakasa. Ardhi ya umma ikitolewa bila kufuata utaratibu, aliyeinunua baadaye hawezi kujificha nyuma ya "mimi nilinunua kwa nia njema na sikujua". Na Katiba kifungu cha 40 imesema wazi kwamba ulinzi wa mali haufiki kwa mali iliyopatikana kinyume cha sheria.

Ila usikimbie na hilo barabarani bado. Kazi yenu ni kuonyesha huo uwanja ulikuwa wa umma, na maneno ya wazee peke yake hayatoshi japo yanasaidia. Tafuteni ramani ya upimaji na mpango wa eneo wa wakati mtaa unagawanywa, pale ambapo kipande kimeandikwa eneo la wazi au matumizi ya umma. Fanyeni utafutaji rasmi kwenye masjala ya ardhi muone nani kaandikwa, lini, na alipata kutoka kwa nani, manake mara nyingi ile tarehe ya kwanza ndo inasema kila kitu. Alafu huyo mzee wa mtaa, usigombane naye. Mtu aliyeishi hapo tangu zamani ndo shahidi wenu bora, na wengi husema "achaneni nayo" kwa sababu waliona wenzao wakiumizwa miaka hiyo.

Mimi sikubaliani na nyinyi mnaotetea hizi bustani. Ya kwetu imejaa vijana wa bangi, usiku ni wezi, asubuhi ni harufu ya mkojo. Binti yangu aliporwa simu hapo. Heri wafunge wajenge soko angalau tupate kitu. (Baba Njeri, Nakuru)

Baba Njeri, pole kwa binti yako, na sitakwambia unaongeza chumvi. Bustani chafu isiyo na taa wala choo ni mahali pa hatari na wanaoumia kwanza ni wasichana. Hasira yako iko mahali pake. Ninachokataa ni dawa uliyochagua.

Angalia msitu wa Karura pale Nairobi. Leo watu wanaenda na baiskeli na watoto, lakini miaka si mingi iliyopita ule msitu ulikuwa jina la kutisha, watu wanaporwa, maiti zinatupwa, ukimwambia mtu unaenda kutembea Karura anakuombea. Ile hatari haikuisha kwa kuukata msitu. Watu wa mitaa ya karibu waliungana, wenye pesa na wasio na pesa, wakaunda Marafiki wa Msitu wa Karura, wakaingia makubaliano na shirika la misitu, wakazungusha ua wa umeme, wakaajiri vijana wa hapo hapo mitaa ya jirani wawe walinzi, na kutoka 2011 watu wakaanza kuingia kwa wingi. Kijana ambaye ungemkuta anakata kuni kimagendo amevaa yunifomu anaelekeza wageni. Na watu wakishakuwa wengi mwizi anakosa nafasi, huo ndo ulinzi wenyewe.

Kuna watu wananiuliza kuhusu kiingilio, kwamba Karura unalipa na bustani ya umma inafaa iwe bure. Mimi naona msitu mkubwa wenye ua na walinzi unaweza kudai shilingi mia na bado ukawa wa umma, lakini uwanja wa mtaa, ule wa watoto kutoka nyumba ya chumba kimoja, usitozwe hata shilingi kumi, manake mtoto akikosa hiyo kumi anarudi kucheza barabarani. Hapo sitabadilisha mawazo.

Na juu ya kujenga soko. Jeevanjee pale katikati ya Nairobi ni ekari tano, mfanyabiashara A.M. Jeevanjee aliwapa watu wa mji 1906. 1991 kukawa na mpango wa kuweka maegesho ya magari na maduka hapo. Mjukuu wake, Zarina Patel, akasimama, na watu wa kawaida wakasimama naye, mpango ukakwama. Nenda leo saa saba mchana uone ni nani wamekaa pale, ni mtu wa ofisi na mkate wake, mhubiri, wanafunzi, mama ametoka kijijini anangoja gari la jioni, watu ambao mkahawani hawawezi kukaa masaa matatu bila kufukuzwa. Soko unaweza kulijenga mahali pengine. Ekari tano katikati ya jiji ukishaziuza hutazipata tena kamwe.

Kwa hivyo Baba Njeri, badala ya kuandika wafunge, andika mnataka nini hapo: taa nne, choo, geti lifungwe saa kumi na mbili, kichaka cha upande wa nyuma kipunguzwe. Nenda na wazazi wengine wenye mabinti kwa MCA wenu, mwakilishi wa wadi, na mkipenda pelekeni ombi rasmi kwenye bunge la kaunti, sheria ya serikali za kaunti inampa kila mtu haki hiyo. Sauti ya baba ambaye binti yake aliporwa ina uzito kuliko ya kwangu.

Sasa dada, mimi niko kampasi. Wasee wanataka tuandamane juu ya uwanja wa mpira unaomezwa na mabroka lakini wazazi wanasema tutapigwa risasi bure. Kuandamana kunasaidia kweli ama ni kujiumiza? (Mwanafunzi, Eldoret)

Mdogo wangu, wazazi hawajakosea kuogopa, na mimi sitakutuma mahali nisipoweza kukulinda. Kunasaidia, lakini si kila wakati na si kila namna.

Rudi Karura tena, 1998, watu waligundua sehemu za msitu zimegawiwa wajenzi kimya kimya. Oktoba ile mashine za ujenzi zilichomwa, na nakwambia wazi kwamba hiyo ndo sehemu ya story ambayo singependa muige, moto unawapa wanaowapinga sababu ya kuwaita wahalifu. Kilichogusa dunia nzima ni kile cha baadaye, 8 Januari 1999, Wangari na wenzake walienda na miche na maji ya kumwagilia, tu, na wakapigwa na genge la walinzi mbele ya wabunge na waandishi wa habari. Alipasuliwa kichwa. Alienda polisi kuandikisha na akaweka sahihi kwa damu yake mwenyewe. Baada ya hapo wanafunzi wa vyuo waliingia barabarani na jiji likasimama, na Agosti mwaka huo huo Moi akatangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma. Jembe na mche mkononi, kila mtu aliyeona ile picha alijua nani mwenye makosa.

Mkiamua kwenda, kifungu cha 37 cha Katiba kinawapa haki ya kukusanyika, kuandamana na kupeleka maombi kwa amani bila silaha. Sheria ya utulivu wa umma inataka mtoe notisi kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi, siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla, pelekeni na mchukue nakala iliyogongwa muhuri. Msiende usiku. Kuwe na watu wanaojua namba ya wakili kwa kichwa, si kwa simu, simu zinapotea. Lakini kabla ya hiyo, mbona msicheze tu? Kama uwanja bado uko wazi pangeni ligi ya mitaa, kila Jumamosi, wamama wauze chai na mandazi, mchungaji na imamu wakaribishwe kufungua mechi. Broka anapenda uwanja uliolala. Uwanja wenye timu nane na mashabiki ana kazi ya kueleza anataka kuuondoa kwa nini.

Kikundi chetu hatuna pesa ya wakili. Kesi si ni ya matajiri? (Kikundi cha Amani, Kisumu)

Hapana. Kifungu cha 22 cha Katiba kinasema kesi ya kutetea haki zilizo kwenye Sheria ya Haki haitozwi ada ya kuifungua, na pale inapobidi korti inaweza kupokea hata maandishi yasiyo rasmi, yaani barua. Haki ya mazingira ni mojawapo ya hizo. Mtu mmoja anaweza kwenda kwa manufaa ya umma bila kungoja mtaa mzima ukubali. Wakili bado ni muhimu, kesi ina vichochoro vingi, lakini jaribuni kwanza mashirika ya msaada wa kisheria na kliniki za sheria za vyuo vikuu, na hata mkishindwa kesi yenyewe, kwenye kesi za umma kama hizi mara nyingi korti huacha kila upande ujilipie gharama zake. Mara nyingi, si kila mara, kwa hivyo msifungue kesi kwa hasira bila zile karatasi nilizomwambia Mama Wanne.

Na kikundi kisajilini, kwa sheria ya vikundi vya jamii ya 2022 mnatakiwa muwe watu kumi au zaidi, na katiba ndogo, na viongozi watatu. Mkishapata cheti pelekeni barua ya kwanza wiki hiyo hiyo, kwa jina la kikundi, na chini yake kila mmoja aweke sahihi yake.